Bunduki ya Upepo na Samli ya Mama

Ninyi vijana mnaojaza upepo kwenye magurudumu ya bodaboda pale stendi ya Migori, nina neno nanyi. Juzi nilisimama nikamtazama mmoja wenu akisukuma pampu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nikamwambia, "Baba, imetosha." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mathe, hewa mob ndio poa. Ikikuwa ngumu inakimbia." Nikaenda zangu kununua omena, dagaa wetu wa ziwani. Lakini nilipofika nyumbani Uriri, neno lake lilikuwa bado linaniwasha, ndiyo maana nimeketi kuandika.

Upepo ndio uliosomesha watoto wangu. Sisemi ule wa kukausha nguo kwenye kamba, bali ule ulioshindiliwa ndani ya chupa ya chuma ukingoja kufunguliwa mlango. Nilikuwa fundi wa bunduki za sindano katika kikosi cha madaktari wa wanyamapori. Bunduki hizo hazina baruti. Zina chupa ya hewa, zina vali, na zina mtutu ambamo sindano yenye dawa ya usingizi inakaa tayari. Daktari anavuta kifyatuzi, mnyama anadungwa, analala, anatibiwa, kisha anaamka na kwenda zake. Wakwe zangu walipoambiwa kwamba nafanya kazi ya bunduki walianza kuniheshimu kupita kiasi, nami sikuona haraka ya kuwaeleza kwamba ni za upepo.

Kila aliyeishika bunduki ile kwa mara ya kwanza aliuliza swali la yule kijana wa stendi. Mbona msijaze hewa zaidi ili sindano iende kasi zaidi? Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi hukosea. Ndani ya bunduki kuna nyundo ndogo inayosukumwa na springi. Ukivuta kifyatuzi, nyundo inagonga kipini cha vali, vali inafunguka kufumba na kufumbua, hewa inatoka kusukuma sindano, kisha vali inajifunga. Kwa hiyo kasi haitokani na presha peke yake. Inatokana pia na jinsi vali ilivyofunguka, na imekaa wazi kwa muda gani.

Presha ikiwa ndogo, vali inafunguka vizuri lakini hewa haina nguvu. Presha ikizidi, hewa ile ile inaiegemea vali kutoka ndani, kama watu walioegemea mlango wa chumba walichomo. Nyundo inagonga, mlango unaachia upenyo tu, unajifunga tena. Unabaki na chupa iliyojaa nguvu tele na sindano imeanguka karibu na viatu vyako. Pazuri ni mahali fulani katikati, na kila bunduki ina katikati yake. Unaipata kwa kufyatua na kupima, kufyatua na kupima, mpaka bega liume.

Tena si kwamba tulitaka kasi tu. Sindano ikienda mbio mno inaweza kuvunja mfupa wa mnyama uliyekuja kumponya. Ikienda taratibu inagonga ngozi na kudondoka, dawa ikamwagika majanini, na mnyama akakukumbuka vibaya siku zote. Nilikuwa nawaambia madaktari wapya kwamba tunampa mnyama sindano, hatumpigi jiwe.

Aliyenifundisha haya yote ni Mzee Marwa, Mkuria wa kule karibu na mpaka, Mungu amlaze pema. Yeye hakuanzia kwenye bunduki. Alianzia kwenye karabai.

Ninyi mmezaliwa mkakuta taa za sola ziwani, kwa hiyo niwaeleze. Karabai ni taa ya mafuta ya taa ambayo lazima uipige pampu. Hewa inayasukuma mafuta kwenda juu, yanageuka mvuke, na kimfuko cha kitambaa ndani ya kioo kinawaka cheupe hadi macho yanauma. Wavuvi wa omena waliziweka juu ya maji usiku ili omena wafuate mwanga. Mzee Marwa alikuwa na meza yake kando ya soko la Migori, na karabai zililetwa kwake kutoka kila ufuo. Mimi nilifika pale nikiwa msichana aliyemaliza shule na kukosa la kufanya. Nilipeleka taa ya mjomba. Nikakaa kuangalia, na sikuondoka.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye vidole virefu vilivyojaa makovu, na hakuweza kusikia hewa ikivuja bila kukunja uso. Tukiwa tunakula, pampu ya baiskeli ya mpita njia ikilia *psss*, aliacha tonge mkononi na kuita, "Wewe! Leta hiyo kitu hapa!" Wengine walidhani wanaibiwa.

Siku moja tulivuka kwenda kisiwa cha Remba kwa sababu karabai za mvuvi mmoja zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine. Kisiwa kile kimejaa watu mpaka unajiuliza mvua hudondoka wapi. Tukamkuta jamaa anapiga pampu kama anayetwanga mtama. Mzee akamwuliza anafanya nini.

"Naongeza presha, Mzee. Nataka mwangaza mob, omena iache ya jirani ikuje kwangu."

"Na taa inasema nini?"

"Inapiga kelele, alafu inazima."

"Inakulilia," Mzee Marwa akamwambia. "Umeishindilia mpaka imeshindwa kupumua." Akafungua hewa kidogo, kidogo tena, mpaka mwanga ukatulia na kutanda. Yule mvuvi alikaa akiutazama kama mtoto. Mimi pia. Mpaka leo nikifikiria presha nausikia ule mlio ukishuka polepole, na mkono wa Mzee ukiwa juu ya kifunguo bila haraka yoyote.

Sasa nije kwenye samli, maana hadithi yangu yote imekaa humo. Pampu ya karabai ina kipande cha ngozi, na ngozi ikikauka pampu inapumua tu bila kushindilia. Mafundi wengine waliipaka mafuta ya injini. Mzee Marwa aliipaka samli yetu ya Kijaluo, *mor alenya*, na mama yangu ndiye aliyeipika na kumpelekea kwenye kopo. Mama alidhani anaila. Alikuwa akiila kweli, lakini kila kopo lililofika, cha kwanza alichota kidogo kwa ajili ya ngozi zake. "Mafuta safi kama haya," alisema, "hayawezi kuishia kwa ugali peke yake."

Na ilifanya kazi, msicheke. Ngozi zilizopakwa samli zilidumu kuliko za mafundi wengine wote. Mimi mwenyewe samli siipendi. Nilikulia ndani ya harufu yake, na ikinikaribia koo linafunga. Mzee alinitania kwa hilo miaka yote. "Nyar Uriri," alikuwa akiniita kwa lugha yangu, binti wa Uriri, "Mjaluo gani asiyekula *mor*? Mama yako alikuokota wapi?" Viazi vitamu nilikula na chumvi, na yeye alikuwa akinisogezea chumvi kabla sijaomba.

Taa za sola zilipoingia ziwani, karabai zikaisha kama mchezo. Tulikuwa tumebaki na majiko ya pampu na baiskeli wakati gari la madaktari wa wanyamapori liliposimama mbele ya meza yetu, pampu yao ya bunduki imekufa. Mzee aliifufua wakiwa wanakunywa soda. Hazikupita wiki nyingi wakarudi kumchukua awe fundi wao, naye akasema haendi bila mimi. Ndivyo nilivyoingia kwenye bunduki, mkia wa mtu mwingine, na sijawahi kuona aibu kwa hilo.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Naruka habari za mafahali waliopotelea msituni, naruka za viboko, naenda moja kwa moja bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay, mwezi ambao Mzee Marwa alikuwa anaumaliza ili astaafu.

Kule kuna swala mkubwa aitwaye korongo. Ana masikio marefu yenye vishungi, na uso mweusi na mweupe kama aliyevaa kinyago. Waliobaki ni wachache mno, na nchi nzima ukiwataka unakwenda bonde lile. Sasa jike mmoja alikuwa amenasa kwenye mtego wa waya. Aliukata, lakini kitanzi kikabaki shingoni, na kila alipovuta kilizidi kukaza. Alikuwa ananyonyesha. Ndama wa korongo hufichwa kwenye majani marefu, na mama huja kumnyonyesha kisha anaondoka. Huyu alikuja alfajiri tu. Jua likipanda anaingia kwenye kichaka ambamo gari haliwezi kufika. Kwa hiyo tulikuwa na nafasi hiyo ya asubuhi au hatukuwa na nafasi kabisa, na waya haukuwa unatungoja. Akifa yeye, na ndama amekwisha.

Daktari wetu alikuwa Kimeli, kijana mpole, mlenga shabaha mzuri. Asubuhi ya kwanza alifyatua, sindano ikaanguka kabla ya kumfikia. Korongo akatimka. Mchana kambini tukaweka boksi umbali ule ule, presha ile ile. Akapiga katikati. Akapiga tena, katikati.

Asubuhi iliyofuata, sindano ikaanguka tena.

"Ni mimi," Daktari akasema ndani ya gari. "Nikimwona mkono unakataa. Labda waite mtu mwingine."

"Si wewe," Mzee Marwa akamwambia. "Ni baridi imepunguza presha. Kesho tunaongeza."

Tukaongeza. Kesho yake sindano ilitoka kwenye mtutu kama mate ya mtu aliyechoka. Ilianguka karibu mno hata askari wa wanyamapori aliyekuwa nasi akageuza uso asicheke. Korongo aliinua kichwa, nikaona damu kavu shingoni mwake, nikamwona anajaribu kumeza na kushindwa. Akaondoka taratibu. Hakukimbia tena, na hilo liliniumiza kuliko kama angekimbia.

Ofisini tayari kulikuwa na maneno kwamba Mzee amechoka, mikono imezeeka. Askari yule alisema kwa simu, wala hakushusha sauti, "Hii gun ya mzee imeisha, kama tu yeye." Mzee alisikia. Alikaa chini ya hema na bunduki mapajani, akaifungua, akaifuta, akaipaka mafuta, akaifunga. Siku nzima nilimtazama. Mtu aliyetumia maisha yake yote kuzuia hewa isivuje alikuwa anaondoka kazini kwa jina hilo, na kifo cha mnyama yule kingewekwa juu yake.

Ni pale alipokuwa akiipaka mafuta ndipo nilipoona. Kopo lilikuwa la mama. Mafuta ya kikosi yalikuwa yamekwisha, na Mzee akafanya alichofanya maisha yake yote. Mchana ule wa joto samli ilikuwa inatiririka kama maji, ikaingia kwenye njia ya nyundo, ikang'aa kwenye kipini cha vali. Ilipendeza kweli. Karabai, jamani, ni taa. Ikiwaka inapata moto, na samli yake haigandi kamwe. Lakini bunduki hailali na moto. Inalala na baridi ya Lambwe.

Nikajua yote kwa mara moja. Alfajiri nyundo ilikuwa inatembea ndani ya samli iliyoganda, inagonga bila nguvu, vali inafunguka nusu. Na sisi tukaongeza presha, tukaiegemeza hewa zaidi kwenye mlango ambao tayari nyundo ilishindwa kuufungua.

Lakini ningesemaje? Kwetu huwezi kumsimamia mzee mbele ya watu ukamwambia mafuta yako ndiyo yanaua mnyama. Mbele ya askari yule! Na ningesubiri niseme faraghani, ndani ya hema moja la kikosi, ambamo hata mtu akijikuna wote wanasikia? Nilikaa na neno hilo kifuani mpaka kulipopambazuka.

Tulikuwa tunakunywa chai kabla ya kuondoka, na viazi vitamu vya jana. Nikanyoosha kiazi changu.

"Mzee," nikasema, "nichotee *mor* kidogo nile nayo."

Akanitazama. Daktari naye akanitazama, kwa sababu utani ule aliujua. Mzee akachukua kopo, akaliinamisha juu ya kiazi. Haikutoka. Akalipiga kitako. Haikutoka. Akachomeka kijiko, kikasimama wima chenyewe, samli nyeupe imekishika pande zote.

Mzee Marwa akakitazama kijiko kile. Kisha akageuza shingo polepole, akaitazama bunduki iliyoegemea gurudumu la gari.

Daktari Kimeli, ambaye nadhani alielewa wakati ule ule, aliinuka akaanza kukagua mawingu kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Nampenda kwa hilo hadi leo.

"Daktari," Mzee akasema, sauti yake haikuyumba, "kwa boksi yako ya dawa, ile mafuta ya silikoni unapaka kwa mpira ya sindano, iko?"

"Iko, Mzee. Lakini jua linakaribia kuchomoza. Hatatungoja."

"Atangoja. Mtoto bado hajanyonya. Nyar Uriri, toa upepo yote kwanza."

Hilo mlishike, vijana: kwanza unatoa upepo wote. Usifungue chupa yenye hewa ndani hata kama unajiona bingwa. Nikautoa. Mzee akachomoa nyundo, springi na kipini, akavitumbukiza kwenye maji moto ya birika na sabuni, akavisugua, akavikausha kwa kitambaa kikavu na joto la jiko, akasokota kitambaa kingine akafuta njia ya nyundo mpaka kikatoka safi. Samli iliyotoka mle ndani ilikuwa ngumu kama mshumaa. Askari alisogea kuangalia. Mzee akamwonyesha wazi kwenye kiganja. "Ni mafuta yangu," akasema. "Nimeweka mimi. Sasa imetoka." Akapaka silikoni tone moja tu, akafunga.

Tulipofika, ukingo wa jua ulikuwa juu ya kilima. Korongo alikuwa bado amesimama, ndama chini yake ananyonya. Nilipiga pampu. Mshale wa geji ulipofika katikati, nikasimama.

"Ongeza," Daktari akanong'ona. "Tafadhali. Akienda leo ndio basi."

"Hapana," Mzee akasema. "Hapo hapo."

Daktari akamtazama yule mzee ambaye bunduki yake ilikuwa imemwaibisha asubuhi zote zile. Akashusha pumzi, akalenga.

*Paf.* Sauti ndogo, kama mtu aliyefunga kitabu. Mkia mwekundu wa sindano ulikuwa umesimama kwenye paja la korongo, pale pale panapotakiwa. Aliruka, akaenda mbio kidogo, akapunguza, akayumba, akalala. Nilijikuta nimemshika askari mkono kwa nguvu, naye alikuwa ameshika wangu.

Tulimfunika macho kwa kitambaa. Daktari akampa Mzee koleo. Nilisikia waya ukikatika, kisha nikasikia hewa ikiingia kwenye koo lile, ndefu, wazi, bila kizuizi. Mzee Marwa aliinamisha sikio karibu kabisa. Maisha yake yote alisikiliza hewa inayotoka pasipotakiwa, na siku ile alisikiliza ikiingia panapotakiwa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alipodungwa dawa ya kumwamsha, korongo akainuka, akajitikisa, akarudi moja kwa moja penye majani marefu. Tuliona masikio mawili makubwa, kisha mawili madogo.

Tulirudi kambini watu wakicheka ovyo. Askari alimletea Mzee kiti bila kuambiwa. Mimi nikajitenga kupanga vyombo, nikidhani yamekwisha, mpaka nilipoona kivuli chake kirefu juu ya sanduku.

"Nyar Uriri. Ulijua."

"Kujua nini, Mzee?"

"Ile *mor*."

"Mimi nilikuwa na njaa tu."

Alikaa kando yangu. Mkononi alikuwa na lile kopo la mama, na jua lilikuwa limeshapanda, kwa hiyo lilikuwa linatikisika kama maji. Mkono wa pili alishika kiazi changu cha asubuhi, ambacho sikuwa nimekigusa. Akakipasua, akakimiminia samli mpaka ikafurika na kutiririka vidoleni mwake, akanipa.

"Basi kula," akasema.

Nikala. Nilikula chote, koo limenifunga, macho yananitoka, naye hakuniondolea macho hata kidogo mpaka nilipomeza tonge la mwisho.

"Tamu?"

"Tamu sana, Mzee."

Akacheka hadi akakohoa, kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa chumvi.